Aliyeondoka na Beseni

Sajini Valentina hakugusa kitu. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba, mikono nyuma, akayaacha macho yatangulie kuingia. Ndiyo kawaida yake tangu apelekwe idara ya upelelezi hapa Nachingwea: akiangalie chumba kwanza mpaka akizoee, maswali baadaye.

Kilikuwa chumba cha mtu wa kuandika. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimekunjwa na kufungwa fundo juu. Ukutani karatasi zimebandikwa safu kwa safu, zimechapwa na kukatwakatwa kwa wino mwekundu, na juu ya kila safu limeandikwa jina la mahali: Nachingwea, Nanganga, Matambarale. Kati ya Nanganga na Matambarale palikuwa na ukuta mtupu. Madoa ya gundi yalionyesha kwamba safu nyingine iliwahi kukaa hapo, ikabanduliwa. Mezani kompyuta mpakato ilikuwa imefunikwa taulo dogo isiingie vumbi.

"Hii bado ipo," alisema Valentina.

"Nini, mwanangu?"

"Kompyuta. Mwizi angeanza na hiyo."

Bi Mwamina, mwenye nyumba, aliketi kwenye ukingo wa kitanda kwa uangalifu, kama anayeogopa kukikunja. Mpangaji wake, Bernardo, kijana wa Kimsumbiji anayesoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, alikuwa hajaonekana kwa zaidi ya wiki. Alikuja kutafiti maisha ya wanawake wa vijiji vilivyokuwa jirani na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, miaka ile ya vita, na sasa alikuwa akimalizia tasnifu yake.

"Niambie siku yake ilikuwaje, mama. Siku ya kawaida tu."

"Asubuhi anachota maji, yake na yangu. Namkataza, hasikii. Kisha anaandika mpaka jua likae kichwani. Jioni anakwenda kusimama pale ukutani kwenye mpapai, mtandao unashika pale tu, anaongea na mwalimu wake. Siku nyingine anarudi anacheka, siku nyingine anakuja kukaa jikoni kwangu hasemi kitu. Namwachia vitunguu amenye." Bi Mwamina alitabasamu. "Halafu maswali! Hili mnaitaje, lile mnalifanyaje. Wiki ile ile aliyoondoka aliniuliza uji wa mtu aliyekatazwa sukari unapikwaje. Nikamwonyesha. Nikadhani ndiyo hayo hayo ya utafiti."

Valentina aligeuka. "Kuna kitu chochote chake hukioni humu?"

"Beseni lake la kufulia. Nilitaka kumfulia mashuka, nimelitafuta weee. Na mkeka. Na chupa yangu kubwa ya chai, lakini hiyo aliniomba, nikampa mwenyewe."

"Hakusema anakwenda wapi?"

"Aliniambia, 'Mama, nikichelewa usifunge mlango wa uani.'" Alilainisha shuka kwa kiganja. "Basi siufungi mpaka leo."

Kituoni, mkuu wa upelelezi, Afande Fidelis, aliona kesi ya mauaji imekwisha. Simu ya Bernardo ilikamatwa mfukoni mwa Jastin, dereva wa bodaboda anayeegesha sokoni, na watu walimwona Jastin akimbeba Bernardo asubuhi ile ya mwisho. Afande Fidelis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na jalada lisilofungwa lilimkosesha usingizi.

"Jumatatu linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Na Uhamiaji nao wameuliza. Kibali cha kuishi cha huyo kijana kimeisha."

"Naomba nizungumze na Jastin, afande."

"Umeshazungumza naye."

"Nilimhoji. Sijazungumza naye."

Jastin aliletwa kutoka mahabusu, kijana mwembamba, macho mekundu. Valentina alimsogezea kiti, akarudia kumweleza haki zake, akafungua karatasi ya maelezo.

"Ulimshusha wapi?"

"Nilishasema, afande. Njia panda ya Nanganga. Akapanda basi la Mtwara. Nadhani alikuwa anarudi kwao."

"Na simu?"

"Ilipasuka kioo. Akanipa nimpelekee fundi. Fundi alikuwa msibani, ikabaki kwangu."

"Alikuwa na mzigo gani?"

"Begi la mgongoni."

"Tu?"

"Tu."

"Beseni mlilifunga wapi, mbele au nyuma?"

Jastin alifumbua kinywa, akakifumba. Akatazama dirishani.

"Sikuona beseni," alisema hatimaye, polepole mno.

Valentina hakuandika jibu hilo. Alifunga kalamu, akamwambia askari wa zamu amletee kijana chai, akatoka. Kwenye korido alimkuta Afande Fidelis.

"Anadanganya," alisema mkuu wake.

"Anadanganya, lakini si kwa ajili yake. Habari ya simu aliitoa bila kusita, nayo ndiyo inayomfunga. Kwenye beseni akababaika." Valentina alisogea karibu. "Afande, mama watoto alipojifungua, wewe ulibeba nini kwenda hospitali?"

"Swali gani hilo?"

"Naomba unijibu tu."

Afande Fidelis alifikiri. "Chupa ya chai. Kanga. Beseni la kumwogeshea na kufulia. Mkeka wa dada yake wa kulalia pale chini..." Akasita. Akamtazama sajini wake kwa macho mengine.

"Mtu anayekimbilia Msumbiji hachukui beseni akaacha kompyuta yenye kazi yake yote," alisema Valentina. "Bernardo hajapotea, afande. Bernardo anauguza."

"Anamwuguza nani? Mgeni yule hana ndugu hapa."

"Hicho ndicho sikijui."

Hospitali ya wilaya ilijibu kwa simu kwamba haina mgonjwa mwenye mwuguzaji wa namna hiyo. Basi Valentina akapiga Dar es Salaam, kwa Daktari Hafidha, msimamizi wa tasnifu ya Bernardo, ambaye ndiye aliyetoa taarifa kutoka chuoni kwamba haonekani. Sauti iliyopokea ilikuwa ya haraka, ya mtu aliyezoea kukatiza watu. Iliposikia neno polisi ikapoa.

"Mmempata?"

"Bado. Naomba uniambie kazi yake ilikuwa imefikia wapi."

"Mwishoni. Ilibaki sura ya nne kurekebishwa na hitimisho. Sura ya nne ilirudi kwangu na shimo katikati." Akavuta pumzi. "Chinongwe. Alikwenda huko mara nyingi kuliko kijiji chochote. Kibali kilipokaribia kuisha nikamwambia njoo umalizie huku, akasema bado Chinongwe. Halafu sura inakuja, Chinongwe haimo. Hata jina. Nikamwandikia maneno makali, nakiri. Akanijibu mstari mmoja: 'Mwalimu, yale si yangu kuyaandika.' Baada ya hapo simu haikupatikana tena."

"Ni mtu wa namna gani, daktari?"

"Familia yake ilihama Mueda kwa sababu ya mapigano, sasa wako Pemba, ile ya huko huko Msumbiji, kwa watu. Nililijua hilo kwa kumsikia akiongea kwenye simu, si kwa yeye kuniambia. Wenzake wakipata homa wanaomba wiki ya kupumzika. Yeye hakuwahi kuniomba hata siku. Nilidhani ni bidii. Tangu aache kupatikana nawaza labda hakujua kwamba anaweza kuomba."

Valentina aliporudi chumbani, Jastin alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Sajini hakufungua karatasi safari hii. Alivuta kiti akakaa upande wake, si mbele yake.

"Jastin, kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa Nachingwea."

"Mama yako mzazi ni wa wapi?"

Kijana alizungusha kikombe.

"Nani anaumwa Chinongwe?"

Kikombe kikaenda upande. Chai ikamwagikia magoti yake, naye hakujipangusa.

"Mnataka kumrudisha kwao," alisema Jastin. "Nilisikia mnaongea habari za kibali. Mkimchukua, yule mama atabaki na nani? Mwanawe wa pekee yuko Tunduru, amejifungua juzi juzi, hawezi kusafiri. Mimi mkiniweka ndani ni wa hapa hapa, nitatoka. Nikaona bora mimi."

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Yu hai?"

"Yu hai, afande. Anafua nguo za mgonjwa, huwezi kuamini. Mwanaume yule anafua kuliko dada zangu."

Valentina alicheka, na Jastin naye, machozi yakimtoka.

Waliondoka na gari la kituo, Jastin akiwa nyuma bila pingu. Valentina ndiye aliyemwombea kwa Afande Fidelis, na Afande Fidelis alikubali kwa kuguna. Barabara ya kuelekea Ruangwa ilipita kwenye mikorosho iliyokwisha kupukutisha maua, mabibo yakinukia hata ndani ya gari. Hospitali aliyowaelekeza Jastin ilikuwa ya misheni, ndogo, ukutani chokaa nyeupe, na ukumbi wenye mabenchi ya kungojea. Sista wa zamu alisikiliza maelezo ya Valentina akanyoosha kidole kuelekea uani.

"Mjukuu wa Mwanabibi? Yuko kwenye karo, anafua."

"Mjukuu?"

"Au mtoto. Hatujui vizuri. Yule mama anamwita Baba."

Uani wanawake walikuwa wakipika uji wa wagonjwa wao, moshi ukiwazunguka, na katikati yao kijana mrefu aliyekunja suruali magotini aliinamia beseni la buluu. Alikuwa akifua kanga. Aliinua kichwa, akaona sare, akaona Jastin nyuma yake. Mabega yakamshuka.

"Wewe ndiye Bernardo?"

"Ndiye mimi." Kiswahili chake kilikuwa safi, chenye lafudhi ya Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma. "Naomba niisuuze hii kwanza, dada. Nikiiacha na sabuni itamwasha ngozi."

"Suuza."

Alisuuza. Valentina alingoja, na wanawake wa jikoni wakaacha kukoroga uji. Kanga ilipokamuliwa na kuanikwa, Bernardo alifuta mikono kwenye suruali akaja kusimama mbele yake kama mtu aliye tayari kuondoka.

"Kaa," Valentina alimwonyesha benchi. "Nina maswali. Kwa nini hukumuaga Bi Mwamina?"

"Nilidhani nitarudi jioni. Nilipofika nikakuta amekwisha kuandaliwa kwa upasuaji wa mguu. Kisukari. Wakauliza, nani yuko naye? Hakukuwa na mtu. Nikasema mimi."

"Beseni ulilibeba kutoka nyumbani. Ulijua unakuja hospitali."

"Nilijua amelazwa. Sikujua atakatwa kidole. Baada ya hapo sikuweza kumwacha hata kwenda kutafuta simu."

"Na mwalimu wako?"

Bernardo alitazama chini. "Angeuliza huyu ni nani kwako. Nisingeweza kumdanganya."

"Basi nakuuliza mimi. Ni nani kwako?"

Kijana alishusha sauti, jiko lisisikie.

"Babu yangu alikuwa kambini kule Nachingwea wakati wa vita. Jina lake ndilo nililopewa. Karibu na kufa kwake aliniambia aliacha mwanamke Chinongwe, mjamzito. Alipelekwa mbele vitani, kisha uhuru ukaja, akaoa kwetu, akamzaa baba yangu. Hakurudi. Alisema: usimtafute ili umletee aibu, mtafute ujue kama alikula." Aliangalia kanga iliyoanikwa. "Ndiyo sababu nilichagua utafiti huu. Chuoni niliandika sababu nyingine."

"Ulijuaje kuwa huyu ndiye yule mtoto?"

"Sikumjua. Nilikwenda kumhoji kama nilivyowahoji wengine. Mwishoni akaniuliza jina. Nikasema Bernardo. Akaingia ndani, hakutoka mpaka nikaondoka. Nilipokwenda tena akaniambia, 'Mama aliniachia jina hilo. Hilo tu, hakuna kingine.' Tangu siku ile akaniita Baba. Nimebeba jina la aliyemzaa, naye hakupata kumwita baba hata siku moja, kwa hiyo ananiita mimi."

"Na ukabandua safu ukutani."

Bernardo alishtuka. "Umeingia chumbani kwangu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Aliniomba. Aliyemlea ni Mzee Mbaruku, mume wa mama yake, na kijiji kizima kinamjua kuwa binti Mbaruku. Alisema, 'Yule mzee alinibeba mgongoni kwenda kliniki. Sitaki kwenda kumvua ubaba akiwa kaburini.' Ningeandikaje, dada? Hata ningebadilisha jina, Chinongwe wangejua."

Valentina hakuwa na swali lingine la kipolisi. Alilotakiwa kulijua alikwisha kulijua: mtu yu hai, hakuna aliyemdhuru. Kilichobaki alikisema kwa sauti ya kazi, akimtazama usoni.

"Kibali chako kimeisha. Jumatatu utakwenda Uhamiaji mwenyewe, ukiwa na barua ya daktari wa hapa. Nitafuatana nawe. Siwezi kukuahidi watasema nini, ila mtu anayejipeleka hawamwoni sawa na aliyekamatwa."

"Na Jastin?"

"Jastin alilala ndani kwa ajili yako. Alisema alikushusha Nanganga."

Bernardo aligeuka kumtazama rafiki yake, ambaye alikuwa amesimama kando ya ukuta akijifanya anasoma tangazo la chanjo. Alikwenda akamkumbatia, mikono ingali na maji, na Jastin akamwambia kwamba anamlowesha shati.

Wodini, Mwanabibi alikuwa macho. Mwanamke wa makamo, uso mpana, mguu umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya mto. Valentina alimwamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua Baba?"

"Hapana. Nimekuja kumwona. Watu wa Nachingwea walidhani ameuawa."

Yule mama alimtazama Jastin. "Na huyu mtoto wa Rahel wa kwetu Chinongwe, mbona amekonda hivi?"

Jastin alitaka kusema ana mafua. Bernardo ndiye aliyemjibu shangazi yake, kwa Kimakonde, polepole, na kadiri alivyosema uso wa Mwanabibi ulibadilika. Alipomaliza, mama yule alikuwa ameshika ukingo wa shuka kwa mikono yote miwili.

"Kumbe mtoto wa watu amelala chini kwenye saruji," alisema kwa Kiswahili, "kwa ajili yangu na neno langu?"

"Si kitu, mama," Jastin alisema.

"Ni kitu. Nyamaza."

Valentina alitoa simu yake. Palikuwa na jambo moja la kukamilisha kabla jalada halijafungwa: aliyetoa taarifa kutoka chuoni alipaswa kumsikia kijana kwa sauti yake. Alimpigia Daktari Hafidha, akaweka spika, akampa Bernardo.

"Mwalimu," alisema Bernardo. "Ni mimi."

"Alhamdulillahi." Kisha, baada ya pumzi: "Uko salama? Unakula?"

"Niko salama. Samahani sana, mwalimu. Nina mgonjwa hospitali."

"Pole. Pole sana, Bernardo. Kazi itasubiri, hilo nitalishughulikia mimi huku. Ungeniambia tu." Akaongeza: "Mgonjwa ni nani kwako?"

Bernardo alitazama dirishani, akatazama simu. Alikuwa anatafuta namna ya kusema ambayo si uongo.

Mwanabibi alinyoosha mkono. "Ilete hapa."

"Shangazi, si lazima—"

"Ilete, Baba."

Akapewa simu. Aliishika mbele ya kinywa chake kama kioo, akapaza sauti zaidi ya ilivyohitajika, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuza shingo.

"Mwalimu, hujambo. Mimi ni Mwanabibi wa Chinongwe. Mzee Mbaruku alinilea, Mungu amrehemu, ni baba yangu na ataendelea kuwa baba yangu. Na yupo mwingine aliyenizaa, alikuwa askari wa kule kambini. Nina hao wawili. Huyu kijana wako ni mtoto wa mdogo wangu. Alikuwa ananitunzia neno hili, ndiyo maana alikukalia kimya. Usimgombeze. Sasa nimelisema mwenyewe, na akitaka kuliandika, aliandike."

Bernardo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa chini, na mkono wa shangazi yake ulikuwa umemkamata kifundo cha mkono, umemkaza.

Kisha sauti ya Daktari Hafidha ikatoka tena, imelegea, haikuwa sauti ya ofisini.

"Shikamoo, shangazi."

Mwanabibi alimtazama Valentina, akamtazama Jastin, kana kwamba anahakikisha na wao wamesikia.

"Marahaba," aliitikia. "Marahaba, mwanangu."